Alama ya Vyema kwenye Daftari la Divine

Mmeniomba niwaandikie namna ya kusoma kitabu cha mashairi ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani, na mmeniomba kwa adabu, kwa hiyo nitajaribu. Niwaambie mapema tu kwamba nimechoka. Kitabu cha aina hiyo nimekifundisha zaidi ya miaka thelathini, kwanza Karagwe nilikozaliwa na wazazi wakimbizi, halafu hapa Kigali tuliporudi, na sikumbuki hata muhula mmoja nilioanza nikiwa nimelala vya kutosha. Sasa nakaa Kagarama, magoti yamegoma, na mtu akinitajia shairi naanza kutafuta kiti. Mkiona nimeruka jambo au nimelirudia, msinisahihishe. Nimesahihisha kwa niaba ya ukoo mzima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mwalimu mmoja wa huko Karagwe, Mwalimu Leonidasi, mtu mfupi mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Kanuni yake ilikuwa moja tu: shairi lisomwe kwa sauti mara tatu kabla mtu hajashika kalamu. Mara ya kwanza usihangaike kuelewa, soma tu. Mara ya pili tafuta nani anasema na anamwambia nani. Mara ya tatu tafuta mahali ambapo sauti inageuka, yaani pale ambapo mtu aliyekuwa anacheka ameacha kucheka. Ukishapaona hapo, alisema, mtihani umekwisha, yaliyobaki ni mwandiko. Baadaye nilipelekwa kwenye semina nyingi zenye chai na mandazi, nikafundishwa njia zenye majina marefu, na hakuna hata moja iliyoishinda hiyo ya Leonidasi.

Kwa hiyo anzeni hapo. Kisha chukueni daftari la peke yake, si lile lenye mambo ya jiografia nyuma. Ukurasa wa kushoto andikeni shairi lenyewe, wa kulia andikeni mnayoyaona. Acheni nafasi, maana mtarudi. Na tafadhali, kwa afya ya watu wanaosahihisha, msiandike kwamba mshairi anajaribu kusema. Nimelisoma neno hilo mpaka nikaanza kuwaonea huruma washairi, watu ambao hata baada ya kuchapishwa kitabuni bado wanajaribu tu. Wala msiandike kwamba ametumia taswira ili shairi livutie. Ni kama kusema mpishi ametia chumvi ili chumvi iwemo. Semeni taswira ni ipi, imekaa mstari gani, na ingeondolewa tungekosa nini. Mkishasema hayo matatu mnaweza kuweka kalamu chini mkanywa maji.

Najua siku hizi mnaambizana kwenye makundi ya simu, mtu anatuma muhtasari wa mashairi yote thelathini na wengine wanashukuru kwa mikono iliyokunjwa. Sina ugomvi na simu. Tatizo la muhtasari ni kwamba msahihishaji anausoma mara mia kwa siku moja, maneno yale yale, na ifikapo saa tisa mchana anauchukia hata kabla hajafungua karatasi yako. Naijua hasira hiyo kwa sababu nimekuwa nayo.

Zamani hatukuwa na simu wala vitabu vya kutosha. Hapa Kigali, kwenye shule niliyomalizia kazi, darasa la mwaka wa sita lilikuwa na wanafunzi arobaini na wanne, na vitabu vya mashairi vinane. Vinane hivyo tulivifungia kabatini ili visiharibike, ufunguo nikawa nao mimi. Mkisikia hivyo mtacheka, na ni haki yenu. Lakini ndivyo tulivyofundishwa: kitabu ni mali ya shule, mwanafunzi ana daftari. Kwa hiyo mashairi yote niliwasomea kwa imla. Nasoma mstari, wanaandika, nasoma tena, wanahakikisha. Mashairi mawili kwa juma, na koo langu likawa kama la muuza ndizi wa sokoni.

Mwenzangu katika idara alikuwa Mwalimu Faustin. Yeye alikuwa mtu wa Kifaransa. Alikulia kwenye mashairi ya Kifaransa, akayafundisha nusu ya maisha yake, na nchi ilipobadilisha lugha ya kufundishia akapelekwa kujifunza Kiingereza wakati wa likizo, kisha akakabidhiwa fasihi ya Kiingereza kama mtu anayekabidhiwa mtoto wa jirani. Alikuwa na kamusi iliyoshikizwa kwa gundi ya karatasi, haimtoki kwapani. Siku moja aliniambia kwamba zamani alikuwa mwalimu wa mashairi na sasa amekuwa mwalimu wa kamusi. Alisema hivyo bila kulalamika, huku akichonga penseli. Nilimheshimu sana, ingawa sikumwonyesha, na katika simulizi hii mtaona kwamba alistahili zaidi ya heshima ya kimyakimya.

Sasa niwaambie kuhusu R na L, maana bila hizo sina cha kuwasimulia. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua. Kinyarwanda hakina haja ya kuzitenganisha, kina sauti moja inayokaa katikati, na ulimi uliokulia kwenye sauti hiyo haujui kwa nini watu wengine wanahangaika. Mimi nilikulia Tanzania, na huko mtoto akisema kitandani anarara darasa zima linamcheka, kwa hiyo nilifundishwa na kicheko kutenganisha herufi hizo mbili. Niliporudi nikakuta kwamba nina kitu ambacho wengi hawana, nikajiona. Mnisamehe, lakini nilijiona kweli. Nilikuwa mkimbizi maisha yangu yote, sina shamba, sina ng'ombe, lakini R yangu ilikuwa R na L yangu ilikuwa L.

Basi nikaifanya kuwa sheria ya darasa. Anayechanganya anasimama na kurudia neno mara kumi. Nilikuwa na msemo wangu, niliousema kila imla: ukiandika L, jiulize kama si R. Wanafunzi wakawa wanausema pamoja nami kama sala. Nilidhani nawasaidia. Mwaka mmoja msichana wa safu ya tatu alinyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa alijua ndiyo lugha yangu ya nyumbani, kwamba anaomba karamu. Nikamjibu kwamba karamu ni Jumamosi, aje na familia yake, leo tuna kalamu tu. Darasa likaangua kicheko. Nikamsimamisha, akasema kalamu mara kumi, akakaa. Nilicheka pia, na kwa muda mrefu nilikuwa nawasimulia watu jambo hilo kama kichekesho.

Msichana huyo aliitwa Divine. Alikuwa mrefu, mkimya, na alilelewa na bibi yake katika mtaa wa Kibagabaga. Bibi naye alikuwa ametoka Karagwe kama mimi, ndiyo maana Kiswahili kilikuwepo nyumbani kwao. Mama yake alifariki Divine akiwa darasa la pili. Divine alitaka kwenda chuo kikuu kusoma lugha ili awe mwalimu, jambo ambalo lingetosha kumfanya mtu atilie shaka akili zake. Lakini akili alikuwa nazo. Kupata nafasi hiyo alihitaji daraja la juu katika fasihi ya Kiingereza. Masomo mengine yalikuwa yanakwenda, hisabati ilikuwa inakwenda kwa magongo, fasihi ndiyo iliyotakiwa kumvusha. Bibi yake alikuja siku ya wazazi akanishika mkono, akaniambia mtoto huyu ni wako.

Kati ya mashairi yale thelathini kulikuwa na moja fupi, la mistari kumi na sita. Mama anatoka msituni na kuni kichwani, kila siku, njia ile ile, mpaka siku moja hawezi tena. Katika mstari wa mwisho mtoto anasema kwamba mama hakumwachia shamba wala nyumba, alimwachia mzigo. Kwa Kiingereza neno hilo la mwisho ni "load". Ukitia R mahali pa L linakuwa "road", yaani njia, na mstari bado unasomeka bila shida yoyote. Hapo ndipo balaa ilipokaa, na mimi nikapita juu yake na kalamu nyekundu.

Maana lilikuwepo jambo la kukagua madaftari. Wakaguzi wakija walitaka kuona kazi imesahihishwa, na mkuu wa shule alitaka kuona kabla ya wakaguzi. Nilikuwa na madarasa matatu. Marundo yalikaa mezani pangu hadi Faustin upande wa pili hanioni. Nikawa nafungua ukurasa, naweka vyema, ile alama nyekundu ya sahihi, nafungua mwingine, naweka vyema, huku naongea na watu habari za mvua na harusi. Mkono ulishazoea kufanya peke yake. Sikuwa mvivu, nataka mlijue hilo, nilikuwa nimechoka, na kwa mwanafunzi tofauti ya mambo hayo mawili haionekani.

Majuma matano kabla ya mtihani wa taifa tulifanya mtihani wa majaribio. Swali moja lilikuwa juu ya shairi hilo la mama na kuni, bila shairi lenyewe kuandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo mwanafunzi alitakiwa kulikumbuka. Nilisahihisha ishirini na kitu, wote wakiniambia kwamba mzigo ni shida za Afrika. Kisha nikafika kwa Divine.

Alikuwa ameandika juu ya njia. Alisema mama yule alipita mahali pale kila siku mpaka majani yakakoma kuota, na kwamba hajui kusoma wala kuandika, lakini ile njia ni mwandiko wake, mstari mmoja mrefu kutoka msituni hadi mlangoni. Alisema mtoto akitembea pale anasoma alichoandika mama kwa miguu. Akasema watu wakifiwa huuliza marehemu ameacha nini, na wanahesabu vitu, kumbe kitu kikubwa anachoacha mtu ni mahali alipokuwa akipita. Alinukuu mstari wa mwisho, na neno lake la mwisho lilikuwa njia.

Niliweka kalamu chini. Nilikuwa sijasoma kitu kama hicho kutoka kwa mwanafunzi, na pengine hata kutoka kwa mwalimu. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo nikingoja mtu mmoja alione shairi kama kitu kilichomtokea yeye mwenyewe, na huyu hapa alikuwa amefika. Na alikuwa amesimama juu ya neno ambalo halimo. Mwongozo wa kusahihishia haukuwa na mahali pa jambo kama hilo. Nukuu si sahihi, hoja imejengwa juu ya nukuu, alama zinaondoka. Nikampa sita kati ya ishirini, nikaandika pembeni kwamba neno si hili. Ningeweza kumwita kwanza. Sikumwita, kwa sababu nilikuwa na karatasi kumi na tano nyingine na kichwa kilikuwa kinaniuma.

Siku ya kurudisha karatasi alinifuata chumba cha walimu akiwa na daftari lake. Faustin alikuwepo mezani kwake. Divine alifungua ukurasa wa kushoto, akauweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama tunavyompa kitu mtu mkubwa.

"Tichaa, angaria," alisema. "Iko vyema yako hapa."

Nikaangalia. Imla ilikuwa safi, mwandiko mzuri. Kwenye mstari wa mwisho alikuwa ameandika L, halafu akaikata kwa mstari mmoja mwembamba na kuandika R juu yake. Pembeni ilikuwa vyema yangu nyekundu, kubwa, imemalizikia katikati ya neno lenyewe. Nilielewa yote kwa mara moja. Alikuwa amesikia vizuri. Alikuwa ameandika sawasawa. Kisha akanikumbuka mimi na msemo wangu, akanikumbuka na ile kalamu aliyorudia mara kumi, akaogopa, akalibadilisha. Baada ya hapo nikamthibitishia kwa wino kwamba alifanya vyema.

Hapo ndipo ningesema kweli. Ilikuwa sentensi moja tu: Divine, niliweka bila kusoma. Lakini niliona aibu, na aibu kwangu hutoka ikiwa hasira, tangu utoto. Nikamwambia kwamba vyema ni ya kazi nzima, si ya kila neno, na kwamba niliwaambia darasani walinganishe na kitabu. Sikuwa nimewaambia. Vitabu vilikuwa kabatini, ufunguo shingoni kwangu.

Divine alitazama kabati. Halafu akasema, "Sawa, tichaa," akachukua daftari lake.

Alipotoka, Faustin alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno linatoka baada ya kutafutwa. "Vere," aliniambia, akilifupisha jina langu kama kawaida yake, "hukuwaambia." Nikamjibu asahihishe madaftari yake aachane na yangu. Akavaa miwani, akainamia kazi. Hatukulizungumza tena mpaka alipostaafu, na aliponikumbatia siku ya kuagana nilijua analikumbuka.

Kesho yake Divine aliniomba ufunguo. Alisema anataka kitabu kimoja cha mashairi, atakaa nacho maktaba, hatatoka nacho. Nikampa. Kwa majuma matatu, kila saa ya chakula, alikaa pale akipitisha kidole juu ya kitabu na kidole kingine juu ya daftari, neno kwa neno, mashairi yote thelathini. Kumbe alikuwa ameacha kuliamini daftari zima. Na alikuwa na sababu: alipata maneno kumi na moja ya namna hiyo, mengine amekosea mwenyewe, mengi amejisahihisha kwa hofu, na yote yalikuwa na vyema yangu. Muda ambao angesoma mashairi aliutumia kuyapima. Nilikuwa napita dirishani namwona, najiambia nitaingia kesho.

Vijana, kama mtachukua jambo moja kutoka kwangu lichukueni hili, na si juu ya mashairi, ni la siku ambayo nanyi mtasimama kufundisha. Mwanafunzi hajui kwamba umechoka. Anaona vyema, anajenga nyumba juu yake. Kama hukusoma, usiweke kitu. Mwache mkaguzi anune. Ukurasa usio na alama unamwambia mwanafunzi ajiangalie mwenyewe, na hilo si dogo.

Kwenye mtihani wa taifa lilikuja lile lile shairi la mama na kuni. Nilipoliona swali nilifurahi, nikasema Mungu amenisamehe. Nilimngoja getini. Walitoka kwa makundi wakirushiana majibu, na yeye akatoka nyuma, peke yake. Nikamuuliza ameliandikaje. Akaniambia ameliruka. Alikuwa amechukua swali jingine, la shairi la mto, ambalo hata mimi sikuwa nalipenda.

Nikamuuliza kwa nini, na neno sahihi sasa analijua. Alitafuta namna ya kunijibu bila kunikosea adabu.

"Niko nalijua," alisema. "Lakini sikuwa na kitu ya kusema juu yake tena."

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, ila katika fasihi alipungukiwa daraja moja. Nafasi ya lugha haikupatikana. Bibi yake alinipigia simu kunishukuru kwa yote niliyomfanyia mtoto, na nilimwacha anishukuru. Hilo linaniuma kuliko mengine. Nilisimama jikoni na simu sikioni, sufuria ya maharage inachemka hadi inamwagika, na mama mzima ananiombea baraka.

Mwaka uliofuata nilifungua kabati. Vitabu vikawa vinatoka kila Ijumaa, vinachafuka, viwili vikapotea, mkuu wa shule akaniita akaniuliza nimepatwa na nini. Nikaacha msemo wangu wa L na R. Imla nikaigeuza: kila mmoja analinganisha daftari la jirani yake na kitabu, kwa zamu, nami nikawa nakusanya matano tu kwa siku na kuyasoma kweli. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba madaftari yangu yana upungufu wa alama, akamwonyesha mkuu wa shule, na mkuu akanisemea. Kufundisha hivyo ni polepole na kunachosha zaidi kuliko kule kwa kwanza, nisiwadanganye. Nilistaafu nikiwa nimebaki na nguvu ya kupandia moto, hizi pikipiki zetu za abiria, kurudi nyumbani, na hata hapo dereva wa pikipiki alilazimika kunishika mkono.

Sikumwona Divine kwa miaka tisa. Nilisikia kwamba alisoma masomo ya ofisi, kwamba ameolewa, mara kwamba hajaolewa. Kisha mwezi wa pili uliopita nilikuwa mtaa wa Muhima na bahasha ya karatasi zangu za kustaafu, zinatakiwa nakala tatu tatu kama ilivyo kawaida, nikaingia kwenye duka moja la fotokopi karibu na ngazi za kushukia barabarani. Duka dogo, mashine mbili, kompyuta moja, na watu wamesimama wanaandikiwa barua. Aliyekuwa anaandika ni yeye. Mwanamume mmoja alikuwa anamsomea barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza, na kabla hajafika mwisho wa sentensi Divine alikuwa ameshainyoosha kwenye kioo, akamwonyesha, akamwambia hivi ndivyo ulivyotaka kusema. Mwanamume akaitikia kwa furaha. Nilisimama nyuma yake nikiwa na bahasha, nikaona mwalimu.

Alinijua mara moja. Akaja mbele ya kaunta, akanikumbatia, akanitafutia kibao cha kukalia, akachukua karatasi zangu akaziweka kwenye mashine mwenyewe. Aliniuliza habari za magoti kabla sijamwambia yananiuma, nikajua naonekana. Bibi yake alikuwa hai bado, anasikia kwa sikio moja. Watu walipungua. Mashine ikawa inatoa karatasi moja moja, na nikaona kwamba nisipolisema pale nitakufa nalo.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ile vyema niliiweka bila kusoma, na kwamba sikuwaambia walinganishe na kitabu, nilidanganya, na kwamba alikosa chuo kwa sababu yangu. Nililisema taratibu, nikitazama sakafu.

"Mimi najua, tichaa," alisema. "Iko ukurasa moja niliandika liste ya nguo za kufua. Na hiyo uliweka vyema."

Nilicheka, na machozi yakanitoka wakati huo huo, na mteja mmoja mlangoni akageuza uso kwa heshima. Nikamuuliza kama alijua tangu siku ile, kwa nini hakusema mbele ya Faustin. Akanyoosha karatasi zangu, akazigonga mezani ili zilingane.

"Ulikuwa umechoka sana," alisema. "Bibi alisema nikuache."

Basi. Mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa amelijua hilo kabla yangu, akanibebea. Nikamuuliza kama bado anasoma mashairi, swali la kijinga, ila ndilo lililokuja. Akasema hapana, hana muda, watu wanataka barua. Kisha akaniambia kwamba ila lile la mama na kuni analo, hakulisahau, na akaanza kulisema, pale pale, kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, mashine ikiendelea kutoa karatasi. Hakuruka hata mstari mmoja. Alilisema kama Leonidasi alivyokuwa anataka lisemwe, na pale sauti inapogeuka aligeuka nalo. Mteja wa mlangoni alikuwa ameacha kutazama simu yake.

Alifika mstari wa mwisho. Mama hakumwachia shamba, hakumwachia nyumba. Neno la mwisho alilisema kwa ulimi wake wa hapa, kwa ile sauti inayokaa katikati, na mimi niliyejivunia masikio yangu maisha yote sikuweza kujua amesema mzigo au amesema njia. Nilimtazama mdomoni. Alikuwa ananitazama, anangoja, kama mtu aliyemaliza kazi na kuileta mezani.

Sikumwambia arudie.